Lady Be Good: namba ilikuwa sahihi, upande ndio uliokosewa

Kisa cha ndege ya mabomu ya Kimarekani iliyoitwa Lady Be Good husimuliwa kuanzia mwisho. Msimulizi atakupeleka moja kwa moja hadi mwaka 1959, katikati ya jangwa la Libya, akuoneshe ndege imelala kifudifudi juu ya changarawe. Imevunjika kiuno, lakini redio yake bado ni nzima, bunduki zake zinafyatuka, na chupa ya chai iliyoachwa ndani ina kinywaji kinachonyweka. Watu hawamo. Parachuti hazimo. Hapo anaweka nukta, na msomaji anabaki na vinyweleo vimesimama.

Sina ugomvi na vinyweleo. Ila ukianzia hapo kisa kinageuka kuwa cha mizimu, wakati hiki ni kisa cha hesabu: watu tisa, chombo kimoja cha redio, na swali moja ambalo kila mtu alidhani limeshajibiwa. Ukilifuata tukio tangu mchana wa tarehe 4 Aprili 1943, karibu kila kilichoonekana ajabu kinajieleza chenyewe.

Mwezi huo vita vya Afrika Kaskazini vilikuwa vinaelekea ukingoni. Majeshi ya Ujerumani na Italia yalikuwa yamebanwa Tunisia, na silaha na chakula chao vilivushwa baharini kutoka Italia. Ndiyo maana bandari ya Naples ilikuwa shabaha. Kundi la 376 la ndege za mabomu za Marekani lilikuwa limepiga kambi Soluch, kusini mwa Benghazi, likitumia B-24 Liberator, ndege nzito za injini nne. Siku hiyo ndege 25 zilipangwa kwenda Naples kwa mafungu mawili, la kwanza ndege 12 na la pili 13. Lady Be Good ilikuwa katika fungu la pili.

Ndege yenyewe ilikuwa mpya; ilikuwa imefika kikosini siku kumi tu kabla, tarehe 25 Machi. Watu wake nao walikuwa wapya, na hii ilikuwa safari yao ya kwanza ya vita. Rubani alikuwa William Hatton wa New York, na msaidizi wake Robert Toner wa Massachusetts. Dp Hays ndiye aliyekuwa na ramani na kazi ya kuonesha njia. John Woravka alikuwa mdondosha mabomu. Fundi wa ndege alikuwa Harold Ripslinger, ambaye wenzake walimwita Rip, na redio ilikuwa mikononi mwa Robert LaMotte. Wapiga bunduki walikuwa Guy Shelley, Vernon Moore na Samuel Adams. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja atahitajika mbele, na kwa sababu masimulizi mengi huikumbuka ndege kwa jina lake huku waliokuwamo wakibaki "wahudumu tisa" tu.

Safari iliharibika kabla ya kuanza. Dhoruba ya mchanga ilivuma uwanjani wakati ndege zinaruka, na mchanga ukaingia kwenye injini. Katika zile 13 za fungu la pili, tisa ziligeuza na kurudi Soluch. Nne zikaendelea. Zilipofika upande wa Naples, muda mfupi kabla ya saa 2 usiku, giza lilikuwa limeshaingia na shabaha haikuonekana. Mbili zikashambulia shabaha nyingine njiani wakati wa kurudi, na mbili zikatupa mabomu baharini ili kupunguza uzito na kuokoa mafuta. Lady Be Good ilikuwa miongoni mwa hizi za mwisho. Kisha ikaanza safari ya kurudi peke yake, usiku, juu ya bahari, ikiongozwa na watu ambao hawakuwahi kuipita njia hiyo gizani. Daftari la Hays lilipokutwa ndani ya ndege miaka 16 baadaye, halikuwa na maelezo yoyote ya mwenendo wa ndege baada ya kuanza kurudi.

Nyuzi 330

Saa 6 na dakika 12 usiku Hatton aliita kwa redio. Alisema kifaa cha ndege yake cha kutafutia mwelekeo hakifanyi kazi, akaomba asaidiwe kuifikia kambi. Kituo cha Benina, jirani na Benghazi, kilipima mawimbi ya redio yake na kumjibu kwamba yuko nyuzi 330 kutoka Benina.

Tulia kidogo kwenye namba hiyo, maana kisa chote kimebebwa nayo. Kwenye dira, kaskazini ni sifuri, mashariki 90, kusini 180 na magharibi 270. Nyuzi 330 ni kaskazini-magharibi, ukiegemea zaidi kaskazini. Chora mstari kutoka Benghazi kwa nyuzi hizo, utavuka Mediterania na kupita karibu kabisa na Naples. Kwa aliyekuwa Benina, jibu lilikaa sawasawa: ndege zilikwenda Naples, zinarudi kutoka Naples, na hii hapa iko kwenye mstari wa Naples. Kwa Hatton pia lilikaa sawasawa: niko baharini bado, niendelee mbele.

Sasa tuangalie chombo. Antena ya kutafutia mwelekeo ya siku zile ilikuwa kitanzi kinachozungushwa. Kitanzi kikielekeza ubavu wake kwa mtumaji, sauti inavuma. Kikimgeukia kwa uso mzima, sauti inafifia mpaka inapotea. Mpimaji hutafuta pale inapopotea, kwa kuwa mahali hapo ni pembamba na rahisi kupasoma kuliko pale inapovuma. Tatizo ni kwamba kitanzi kina nyuso mbili na hazina tofauti. Kikinyamaza kwa mtu aliye nyuzi 330, kitanyamaza vilevile kwa mtu aliye upande wa pili kabisa, nyuzi 150, yaani kusini-mashariki. Kinakupa mstari, hakikupi upande. Ni kama kumuuliza mtu wa kituoni basi liko wapi, akakujibu liko Barabara ya Morogoro, bila kusema kama bado linakuja au limeshapita.

Dawa yake ilijulikana. Ukiongeza antena ya pili iliyosimama wima, mawimbi ya antena mbili yakichanganywa upande mmoja unazidi nguvu, na hapo unajua mtumaji yuko wapi. Au ukiwa na vituo viwili vilivyo mbali mbali, kila kimoja kinachora mstari wake na ndege iko pale mistari inapokutana. Usiku ule Benina ilikuwa na kitanzi kimoja na mstari mmoja. Upande ulijazwa na mazoea: ndege hutokea baharini.

Maelezo haya nimeyakuta mara nyingi yakifupishwa kuwa "walipewa namba isiyo sahihi". Hapana. Namba ilikuwa sahihi kabisa. Ndege kweli ilikuwa kwenye mstari ule, ila ilikuwa imeshaipita Benghazi.

Anayetilia shaka anaweza kuuliza: tunajuaje kwamba saa 6 usiku walikuwa wameshapita? Pengine walikuwa baharini kweli, wakapewa jibu sahihi, wakajipoteza baadaye. Chukua ramani na rula. Kutoka Naples hadi Benghazi ni takriban kilomita 1,100. Kutoka Benghazi hadi mahali ndege ilipoanguka ni kilomita 710 hivi, na watu waliruka kilomita 26 kabla ya hapo. Jumla ni kilomita 1,780 au zaidi kidogo, zilizokatwa tangu muda mfupi kabla ya saa 2 usiku hadi karibu na saa 8 usiku waliporuka. Hiyo inaleta mwendo wa kilomita 290 hivi kwa saa, ambao ni wa kawaida kwa B-24 inayobana mafuta. Kwa mwendo huo, ilipofika saa 6 na dakika 12 walikuwa wamekata zaidi ya kilomita 1,200. Benghazi ilikuwa nyuma yao kwa zaidi ya kilomita 100. Hesabu hii haizingatii upepo wala mabadiliko ya mwendo, lakini pengo ni kubwa mno kuzibwa na upepo.

Kuna na ushahidi wa masikio. Watu wa Soluch waliisikia ndege ikipita juu yao usiku ule na wakarusha fataki za mwanga ili rubani azione. Ndege haikugeuka. Ilikuwa usiku wa vita, miji imezima taa, na kutoka juu jangwa lisilo na taa halina tofauti na bahari isiyo na meli. Mtu aliyekwisha kuamini kwamba chini yake ni maji hatafuti ardhi.

Saa 8 usiku

Waliendelea kwa saa mbili hivi baada ya lile jibu, mafuta yakawa yanakwisha. Karibu na saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 5 Aprili, wote tisa wakaruka kwa parachuti. Vesti za kuelea walizovaa, ambazo baadaye zilikutwa zimetupwa jangwani, zinaonesha jinsi walivyokuwa wamejiandaa kwa bahari. Jaribu kufikiri mtu anashuka gizani, amekaza misuli akisubiri maji, halafu anagonga changarawe.

Ndege nayo, ikiwa nyepesi na bila mtu, ilizidi kuteremka polepole. Sehemu ile ya Libya, inayoitwa Serir ya Calanshio, ni tambarare ya changarawe isiyo na kilima wala mti, mahali ambapo gari linaweza kwenda siku nzima bila kukata kona. Ndege ikagusa tumbo, ikaserereka, ikavunjika nyuma ya mabawa na kusimama. Injini moja ilikuwa bado inafanya kazi ilipogusa chini. Ndiyo sababu ilikutwa karibu nzima. Haikutuliwa na mkono wa mtu wala wa jini. Ilitua kwa sababu ardhi ilikuwa laini kama sakafu na kushuka kwake kulikuwa kwa taratibu. Na hewa kavu isiyo na mvua ikahifadhi kilichobaki.

Wanane kati yao walikutana chini, wakiitana kwa fataki za mwanga. Woravka hakutokea. Shajara ya mfukoni ya Toner, rubani msaidizi, inasema hivyo kwa maneno machache: wamepotea wakati wa kurudi, mafuta yamekwisha, wameruka, hakuna aliyeumia vibaya, hawamwoni John. Kesho yake akaongeza kwamba wameanza kutembea kaskazini-magharibi, na bado hawajamwona John.

Kaskazini-magharibi. Hapa ndipo ninapopata shida na wasimulizi wanaosema watu hawa walitembea ovyo. Kambi yao ilikuwa kaskazini-magharibi hasa. Walichagua upande ulio sahihi kabisa, kwa mara nyingine mstari uleule. Kilichowapotosha ni umbali. Walidhani wamepita pwani kidogo tu, na kwamba siku chache za miguu zingewatosha. Kati yao na Mediterania kulikuwa na zaidi ya kilomita 600, na katikati ya njia kulikuwa na bahari ya mchanga.

Walikuwa na chakula kidogo na nusu ya chupa moja ya maji ya askari. Chupa ya namna hiyo ya jeshi la Marekani hujaa maji pungufu kidogo ya lita moja. Nusu yake kwa watu wanane ni chini ya nusu lita. Wakajigawia kifuniko kimoja cha maji kwa mtu kwa siku. Walitembea dakika 15 na kupumzika dakika 5, zaidi usiku, na mchana jua lilipokuwa kali walilala chini bila kivuli. Njiani waliacha alama: viatu, na vipande vya parachuti vilivyokatwa kama mishale na kukandamizwa kwa mawe, ili anayewatafuta ajue wameelekea wapi. Watu waliokata tamaa au kurukwa na akili hawaachi mishale. Hawa waliamini wanatafutwa.

Na kweli walitafutwa, ila si huko. Kikosi kilituma ndege kusaka, na msako ukafanyika baharini, kaskazini mwa Benghazi. Jibu lililompoteza Hatton ndilo lililowapoteza waliomtafuta: alipimwa nyuzi 330, hakufika, basi ameishiwa mafuta juu ya maji. Lady Be Good ikahesabiwa kuwa imezama Mediterania, na faili likakaa hivyo kwa miaka 15.

Shajara ya Toner inakwenda hadi tarehe 12 Aprili. Siku ya tatu aliandika kwamba mchana ulikuwa jehanamu. Tarehe 8 waligonga vilima vya mchanga, upepo ukipeperusha mchanga bila kukoma, macho ya LaMotte yakawa hayaoni tena na ya wengine yakawa mabaya. Tarehe 9 Shelley, Rip na Moore walitangulia kwenda kutafuta msaada, na watano waliobaki hawakuweza kutembea tena: Hatton, Toner, Hays, LaMotte na Adams. Usiku baridi ilishuka mpaka karibu nyuzi 35 za Fahrenheit, sawa na 2 hivi za Selsiasi, nao walikuwa wamebakiwa na parachuti moja ya kujifunika. Tarehe 11 aliandika kwamba wangeweza kufika kama wangekuwa na maji. Yaliyobaki yalitosha kulowesha ndimi tu. Mstari wa mwisho, Jumatatu tarehe 12, ni mfupi: hakuna msaada bado, usiku wa baridi kali.

Katikati ya maneno hayo kuna sala. Walikuwa wakisali pamoja mara kwa mara, na Toner anazitaja sala kama anavyotaja upepo, bila kukaza sauti.

Jangwa lililotoa majibu polepole

Wakati wa vita hakuna aliyekuwa na shughuli katika Serir ya Calanshio. Mafuta ndiyo yaliyowapeleka watu huko. Mwaka 1958 ndege za kampuni za utafiti wa mafuta ziliona mabaki kutoka angani zaidi ya mara moja, na taarifa zikafika kambi ya Wamarekani ya Wheelus, Tripoli, lakini hazikushughulikiwa kwa haraka, kwa kuwa rekodi hazikuonesha ndege yoyote iliyopotea eneo lile. Tarehe 27 Februari 1959 timu ya Waingereza wa mafuta iliifikia ndege kwa gari. Mwezi Mei wakaja Wamarekani kutoka Wheelus, wakakuta zile nguo, chakula, redio na ile chupa ya chai maarufu. Kwa kuwa parachuti zilikuwa zimeondoka na wenyewe, ikawa wazi kwamba watu waliruka, na mwelekeo wa ndege ukaonesha watafutwe nyuma yake, kaskazini-magharibi.

Msako wa 1959 ulikuta vesti za kuelea, viatu na mishale ya parachuti, ukaufuata mstari hadi ulipoishia kwenye vilima vya mchanga. Hapo ukasimama. Wataalamu wa maisha ya jangwani waliamini kwamba mtu asiye na maji hawezi kufika mbali kiasi hicho, kwa hiyo miili lazima imefunikwa na mchanga nyuma, mahali fulani njiani. Hili nalo lilikuwa kosa la namna ileile. Vitabu vilisema binadamu angekoma mapema, na hakuna aliyeangalia mbele ya pale vitabu vilipoishia.

Tarehe 11 Februari 1960 wafanyakazi wa utafiti wa mafuta waliikuta miili mitano pamoja, takriban kilomita 130 kutoka kwenye ndege. Shajara ya Toner ilikuwapo, na ndiyo iliyosema kwamba watatu walitangulia. Jeshi likaanza msako mkubwa zaidi. Mwezi Mei mwaka huohuo Shelley alipatikana zaidi ya kilomita 30 mbele ya wale watano, na Ripslinger zaidi ya kilomita 40. Rip naye alikuwa na shajara, na humo aliandika kuhusu kuhangaika kutoka kwenye vilima vya mchanga na kutafuta maji. Fikiria alipoanzia hizo kilomita 40: tayari alikuwa ametembea siku tano kwa vifuniko vya maji, na macho yake hayakuwa mazima.

Woravka alipatikana Agosti 1960, karibu na ndege kuliko wenzake wote. Parachuti yake haikufunguka vizuri. Alikufa alipogusa ardhi, na wale wanane walikuwa wakimngoja mtu ambaye alikuwa ameshakufa.

Je, wangeweza kupona?

Swali hili huja kila kisa hiki kinapotajwa, na jibu la harakaharaka ni kwamba wangebaki na ndege. Ndani ya ndege kulikuwa na maji, chakula na redio inayofanya kazi. Ilikuwa umbali wa kutembea usiku mmoja. Lakini ilikuwa kusini-mashariki, upande waliokuwa wameupa mgongo, na hawakuwa na njia ya kujua kwamba ndege iliyoachwa bila rubani ingetua vizuri badala ya kuwa vipande na majivu. Kumwambia mtu aliyeshuka gizani arudi kutafuta ndege aliyoiacha ikianguka ni rahisi kwa sisi tulioiona picha yake.

Na hata kubaki na ndege si kinga. Mwezi Mei 1942 ndege tatu za Blenheim za Afrika Kusini zilipotea zikitokea Kufra, oasisi ya kusini mwa jangwa hilohilo. Zilitua salama, watu 12 wakiwa nazo. Msako ulipowafikia siku kadhaa baadaye, 11 walikuwa wamekufa kwa kiu na joto. Aliyepona ni mmoja.

Waliobaki Soluch na Benina wangeweza kuokoa jahazi zaidi kuliko wale wanane. Kama wale waliosikia ndege ikipita juu na yule aliyepima nyuzi 330 wangeunganisha walichojua mapema, msako ungeelekezwa ardhini, kusini-mashariki, na mishale ya parachuti ingeonekana ikiwa bado mipya. Taarifa zote mbili zilikuwapo usiku uleule, na umbali kati yao haukuwa mkubwa. Simlaumu mpimaji peke yake. Chombo chake kilimpa nusu ya jibu, na hakuna aliyemuuliza nusu ya pili. Wala simwoni Hays kuwa mzembe kama baadhi ya waandishi wanavyomchora. Daftari lililonyamaza laweza kuwa la mtu aliyezidiwa, kijana katika safari yake ya kwanza ya vita, bila nyota wala pwani ya kushika.

Kuhusu mkosi, maana nao haukosi kuulizwa: vifaa kadhaa vya Lady Be Good viling'olewa na kufungwa kwenye ndege nyingine, na baadhi ya hizo zilipata ajali, ikiwamo ndege ndogo ya jeshi aina ya Otter iliyoanguka Ghuba ya Sidra. Waliopenda laana wakaipata. Vifaa vilivyokaa miaka 16 kwenye mchanga na joto la jangwa, halafu vikarudishwa kazini, havihitaji laana ili viharibike; na ndege za jeshi za wakati ule zilianguka mara nyingi tu bila msaada wa mtu yeyote.

Mabaki ya ndege yalikaa pale pale yakipukutishwa na wageni waliochukua kumbukumbu, hadi Agosti 1994, Walibya walipoyabeba na kuyahifadhi kwenye kambi ya jeshi karibu na Tobruk. Propela moja iko Lake Linden, Michigan, kijiji alichotoka LaMotte.

Wanane walirudishwa na kuzikwa. Moore, mmoja wa wale watatu waliotangulia, hakupatikana rasmi. Inasemekana kwamba mwaka 1953 doria ya jeshi la Uingereza ilikuta mifupa ya mtu katika eneo hilo, ikaizika na kuendelea na safari. Wakati huo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza ni ya nani, kwa kuwa kwa mujibu wa faili hakukuwa na ndege ya Kimarekani iliyopotea katika sehemu hiyo ya jangwa.